Siku sita ufukoni, nikitafuta pete moja

Kabla ya safari

Mama mmoja alinipigia simu usiku, akajitambulisha, akaniomba radhi kwa kunisumbua, kisha akanyamaza. Nilimwacha anyamaze. Halafu akasema, "Mwanangu, pete yangu imenitoka baharini. Nimeambiwa wewe unayo mashine ya kutafutia metali mchangani."

Nikamuuliza yale ninayomuuliza kila anayenipigia. Pete ni ya nini? Dhahabu, karati 18. Nyembamba au nene? Nene, haina jiwe. Ina maandishi kwa ndani? Inayo. Hapo nikamkatiza: usinitajie yameandikwaje, wala usimtajie mtu mwingine yeyote. Pete ikipatikana, maandishi hayo ndiyo yatakayoonyesha kwamba ni yako. Ilikuwa mkono upi? Wa kulia, akasema, kwa sababu aliugua akakonda, na kidole cha kushoto kikawa hakiishiki tena. Hata hicho cha kulia ilikuwa inachezacheza.

Mwisho nikauliza siku na saa. Alikumbuka bila kusita. Aligundua haipo saa kumi alasiri, maji yakiwa yamemfika kifuani, akicheza mpira na mjukuu wake.

Tulipoagana nilifungua jedwali la maji kupwa na kujaa. Siku ile ilikuwa bamvua, yaani majira ya maji kujaa sana na kupwa sana, siku mbili baada ya mwezi mpevu, na saa kumi bahari ilikuwa imejaa pomoni. Nilifarijika. Mahali ambapo maji ya bamvua yanamfika mtu kifuani, saa sita baadaye mtu anapita kwa miguu. Tena katika pwani nyingi bahari hujaa mara mbili kwa siku, kila siku ikichelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi, na baada ya siku kama 15 saa za maji hurudi karibu palepale. Nikahesabu kwa vidole. Nikianza safari siku mbili kabla ya mwezi kuandama, basi siku yangu ya tano pale, bahari ingekuwa imesimama kama ilivyosimama siku pete ilipopotea, saa kwa saa. Niliiandika siku hiyo kwenye daftari nikaizungushia duara. Sikujua bado nitaitumiaje.

Siku ya kwanza

Nimekuja na mpwa wangu. Ana miaka 17, ana mikono yenye nguvu na masikio mazuri kuliko yangu, na kazi hii ni ya masikio.

Ruhusa ya kutafuta tuliiomba mapema kwa wanaosimamia ufuo. Sheria hutofautiana sana: kuna mahali unaruhusiwa kutafuta na kuchimba, mahali unahitaji kibali cha maandishi, na mahali ambapo mashine hairuhusiwi kabisa, hasa penye mabaki ya kale. Anayeanza kazi bila kuuliza anawafungia mlango wote watakaokuja nyuma yake.

Maji yalipwa hadi mwisho saa moja asubuhi. Mama alikuwa amefika kabla yetu. Tukamwamkia, akaitikia, akatuongoza moja kwa moja hadi mahali fulani katikati ya mteremko, akasimama. "Ni hapa," akasema. "Nilitokea hapa hapa."

Hakuwa na shaka, nami sikuwa na sababu ya kumtilia shaka. Tukapigilia vigingi vinne, tukazungushia kamba, tukapata mraba wa hatua 20 kwa 20. Ndani yake tukaanza kwenda mstari kwa mstari, kama mtu anayelima na trekta. Kila upelekapo koili, ile sahani ya chini ya mashine inayolia hedifonini ikipita juu ya metali, kushoto na kulia, njia mpya inatakiwa kulalia nusu ya njia iliyopita. Ukiruka upana wa kiganja tu, pete inaweza kubaki humo humo ulimoruka, na wewe utaondoka ukiapa kwamba eneo lile umelimaliza.

Mpwa wangu alikuwa na kosa ambalo karibu kila anayeanza analo. Mwisho wa kila mkupuo alikuwa anainua koili juu, kama anayefyeka majani. Koili ikiinuka shubiri moja, umepoteza shubiri moja ya kina. Nilimwambia aiburute karibu na mchanga, sambamba nao, polepole, kama anayepiga pasi nguo asiyotaka kuiunguza. Baada ya saa moja alikuwa ameshapata mkono.

Mavuno ya siku: vizibo vya chupa 22, vishikio vya kufungulia kopo 14, ndoana 3, chubwi 2 (vizito vya risasi vya kuzamishia mshipi), msumari mmoja mrefu. Ndoana na msumari vimeingia kwenye mfuko wa taka, wala havikurudi mchangani. Kuna watoto wanaokimbia hapa pekupeku.

Mpwa aliniuliza kwa nini tunachimba kila kitu. Mashine ina kioo kinachoonyesha namba kwa kila kilicho chini, si tungechagua tu namba ya dhahabu? Laiti ingekuwa hivyo. Mashine haiijui dhahabu. Koili inatoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Uga huo ukipita kwenye kitu cha metali, ndani ya kitu hicho huzuka mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake, ambao ndio koili inaousikia. Kinachopimwa ni namna umeme unavyozunguka ndani ya kitu: ukubwa wake, umbo lake, unene wake, wepesi wake wa kupitisha umeme. Pete ya dhahabu na kishikio cha kopo la alumini mara nyingi hutoa namba zilezile. Mtu anayeikataa sauti ya kishikio anaikataa na pete. Kwa hiyo tunachimba.

Siku ya pili

Tumerudia mraba uleule, ila safari hii tukikata mistari ya jana kwa upande. Kitu kilicholala kwa ubavu kinaweza kukwepa koili inayotoka upande mmoja na kujitokeza ikitoka upande mwingine.

Sehemu ya chini, ile inayobaki na maji, ilitusumbua sana. Maji ya chumvi yenyewe hupitisha umeme, na mashine inayasikia. Kila wimbi dogo linapokuja kulamba koili, hedifoni zinalia, na mkono unatamani kuchimba. Nikapunguza makali ya mashine kidogo na kuisawazisha upya na mchanga wa pale. Kuna mashine zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi, na kuna zinazotumia masafa mengi (yaani kasi mbalimbali za kubadilika kwa uga) kwa wakati mmoja, ambazo huvumilia chumvi kuliko za masafa mamoja. Yangu ni ya masafa mengi, na hata hivyo ilikuwa inalalamika.

Kisha kuna sauti moja iliyomtesa mpwa wangu asubuhi nzima. Ilikuwa inasikika, inapotea, inasikika tena hatua mbili mbele. Alichimba mara tatu bila kupata kitu. Nilimwambia asimame, avue viatu, apitishe koili tena. Kimya. Viatu vyake vina chuma kwenye ncha. Kila alipojisahau akaileta koili karibu na mguu, alikuwa anajitafuta mwenyewe. Nilikuwa nimevua saa yangu na mkanda nikasahau kumkagua yeye. Kosa hilo ni langu.

Jioni tulipokuwa tunasafisha mashine kwa maji baridi, nilimsimulia kisa cha Alexander Graham Bell. Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na risasi moja ikabaki mwilini bila madaktari kujua ilipo. Bell, ambaye tayari alikuwa na jina kwa ajili ya simu, aliunda chombo cha kutafuta risasi ile kwa umeme na sumaku. Ni babu wa mashine tunayoibeba leo. Kilifanya kazi vizuri kwenye majaribio. Kwa mgonjwa kilitoa sauti zisizoeleweka. Baadaye springi za chuma za kitanda zilitajwa kuwa zilivuruga sauti, kama viatu vya mpwa wangu. Lakini kuna jambo lingine ambalo mimi huliona kubwa zaidi: daktari mkuu aliamini risasi iko upande wa kulia, na Bell alielekezwa kupima huko. Rais alifariki tarehe 19 Septemba mwaka uleule. Uchunguzi wa maiti ulionyesha risasi ilikuwa kushoto.

Mpwa alikaa kimya akisugua koili kwa kitambaa. "Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima, mjomba?"

"Huenda ilikuwa nzima kabisa."

Mama alikuja mchana na mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka sita. Mtoto alikaa nje ya kamba akatutazama muda mrefu bila kusema neno. Kwenye daftari nimeandika tu: mraba umekwisha, hakuna pete.

Siku ya tatu

Mwezi umeandama. Maji yalipwa mbali kuliko jana, saa mbili na nusu asubuhi, na mbele yetu ukafunguka ufuo ambao siku nyingine huwa chini ya bahari.

Leo sikuanza na mashine. Nilianza na beleshi. Nilichimba shimo la kusoma mchanga, la kina cha mkono hadi begani, pembeni ya mraba wetu, nikakata ukuta wake ukawa wima. Juu palikuwa na mchanga laini wa rangi nyepesi, mpya, wa kama shubiri moja na nusu. Chini yake utepe mwembamba mweusi, chembe nzito zenye chuma ambazo mawimbi huziacha nyuma yanapochukua zile nyepesi. Chini zaidi mchanga wa kijivu ulioshikana, kisha makombe yaliyovunjikavunjika yaliyobanana kama sakafu.

Ukuta kama huu unakueleza mambo ambayo mashine haiwezi. Punje ya kawaida ya mchanga ina uzito wa karibu mara 2.65 ya maji ya ujazo uleule. Dhahabu safi ni mara 19.3. Pete ya karati 18 ni robo tatu dhahabu na robo metali nyingine, hivyo ni nyepesi kidogo kuliko hapo, lakini bado ni nzito mno mbele ya mchanga. Kila wimbi linapoutikisa mchanga, chembe zinaachiana kwa sekunde moja, na pete inashuka kidogo. Inashuka hadi ikutane na kitu kinachoikatalia. Kwenye ufuo huu, kinachokataa ni ile sakafu ya makombe.

Ndiyo maana watu wanaodhani pete imechukuliwa na mawimbi ikaenda zake kilindini hukata tamaa bure. Kinachokwenda na mawimbi ni plastiki, mbao, mwani. Dhahabu hushuka, na kwa siku chache za kwanza mara nyingi hushuka karibu na palepale ilipoangukia.

Tukaufuata utepe mweusi kando ya mteremko, nje ya mraba. Hapo tulianza kukuta vitu vizito vikiwa vimepangana katika mstari mmoja: chubwi, sarafu, chubwi tena, sarafu mbili zilizoshikana kwa kutu. Mawimbi yalikuwa yamevichambua kwa uzito. Mpwa alikuwa mbele yangu. Nilimwona anasimama, anarudisha koili, anageuka robo na kuipitisha tena kutoka upande mwingine. Alikuwa anafanya nilivyomfundisha na hakuniangalia. Alilenga, akapiga beleshi la matundu, akalitikisa kwenye maji. Mchanga ukachuruzika wote. Likabaki jiwe, gome la kombe, na duara jeusi.

"Mjomba, hii ni ya chuma tu, eti?"

Nilichukua nikaisugua kwa kidole gumba. Weusi ule haukuwa kutu. Fedha haishiki kutu ya chuma; salfa huikamata na kuifunika kwa gamba jeusi, na ikikaa mchangani huwa kama iliyochovywa kwenye wino. Nikamwonyesha kwa ndani, ambako gamba lilikuwa jembamba: alama ya 925, maana yake sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha. Na baada ya alama hiyo, maneno matatu mafupi yaliyochongwa kwa mkono, kila herufi ikiinama kidogo kushoto.

Mpwa aliyasoma mara mbili. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini sana, huyu naye anaitafuta?

Pete ile tuliipeleka kwa wasimamizi wa ufuo, tukaandikisha mahali, saa na kina chake. Baadhi ya watu hufikiri kitu kilichookotwa ufukoni ni cha aliyekiokota. Mahali pengi sheria haisemi hivyo, na mimi hata pasipo sheria nisingesema hivyo.

Pete ya mama bado.

Siku ya nne

Upepo mkali tangu usiku wa manane. Mawimbi yalikuwa marefu na yanavunjika karibu karibu. Saa tatu na robo maji yalipopwa tulijaribu kwa dakika 40, tukaacha. Mashine ilikuwa inalia mfululizo na sikutaka mtoto wa dada yangu asimame mahali ambapo wimbi linaweza kumchota. Nimechaji betri, nimekausha hedifoni, nimelala mchana.

Jioni upepo ulipotulia nilishuka peke yangu. Mawimbi yalikuwa yameukata ufuo, na ukuta mdogo wa mchanga ulisimama mahali ambapo jana palikuwa mteremko. Kigingi chetu kimoja kilichozama jana hadi shingoni sasa kilikuwa wazi kwa shubiri nzima.

Siku ya tano

Hii ndiyo siku niliyoizungushia duara.

Nilimwomba mama aje na mjukuu wake saa saba mchana, saa ileile waliyofika siku ile, na walete vitu vilevile: taulo, mpira, mafuta ya kujikinga na jua. "Mama, leo hatutafuti," nikamwambia. "Leo nakuomba ufanye kila ulichofanya, kwa mpangilio wake. Mimi nitakaa pembeni niandike."

Alinitazama kama mtu anayeogopa kunivunja moyo, kisha akakubali.

Alitembea hadi kwenye nguzo yenye bango la tahadhari kwa waogeleaji, akatandika taulo chini yake. Hapo nikainua kichwa. Mraba wetu ulikuwa mbali na nguzo ile, hatua 70 hivi kuelekea upande upepo unakopeleka. Sikusema kitu. Akampaka mtoto mafuta mgongoni kwa mikono miwili, akajipaka na yeye, vidole vikawa vinang'aa. Nikaandika: mafuta, mikono yote miwili. Vidole vyenye mafuta ndani ya maji yanayovipoza vikasinyaa, na pete iliyokwisha kulegea: hizo sababu tatu peke yake zinatosha.

"Halafu tukaingia majini," akasema, akaanza kushuka.

Mtoto hakumfuata. "Bibi, na shimo letu?"

"Shimo gani, mwanangu?"

"Tulichimba shimo kwanza. Wewe ukatoa mchanga na mkono. Maji yakaingia, ukanawia humo."

Mama alisimama. Mkono wake wa kulia ulijisogeza wenyewe, ukaunda kikombe, ukachota hewa, ukapangusa vidole vya mkono mwingine na kujikung'uta. Alikuwa analikumbuka shimo kwa mkono kabla hajalikumbuka kwa kichwa. Akakaa chini palepale kwenye mchanga.

Siku tatu mtoto huyu alikuwa anakuja kukaa nje ya kamba yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Nimeliandika hilo kwenye daftari kwa herufi kubwa. Na mama hakunidanganya kwa neno hata moja. Alinionyesha mahali alipotazama kidole akakiona kitupu, maana pale ndipo moyo ulipomlipuka, na mtu hukumbuka pale. Pete yenyewe ilipoanguka, haikumwambia.

Niliangalia saa: saba na nusu. "Shimo mlilichimba mlipofika tu?" Mtoto akatikisa kichwa kukubali. "Lilikuwa karibu na maji?" "Maji yalikuwa yanakuja, yanarudi. Yakalibomoa."

Sasa duara langu likapata kazi yake. Ikiwa bahari leo inafuata saa za siku ile, basi ukingo wa maji saa hii ulikuwa karibu sana na ukingo wa siku ile. Nilikimbia, sioni haya kusema nilikimbia, nikapigilia kigingi pale wimbi lilipoishia, kwenye mstari unaoshuka kutoka kwenye nguzo. Mtoto akaja akasimama kwenye mstari huo, akaangalia nguzo, akaangalia bahari, akasogea hatua nne kushoto. "Hapa."

Tuliendelea hadi mwisho, kwa sababu nilitaka kujua na sehemu iliyobaki. Saa tisa na nusu mama na mjukuu waliingia majini wakarushiana mpira. Nikamwambia mpwa aweke kipande cha ubao juu ya maji karibu nao na akifuate. Mkondo unaopita kando ya ufuo ulikichukua ubao hatua 60 kwa dakika 20, na wachezaji wawili, bila wao kuhisi, wakasogea nao kila walipoinua miguu kurukia mpira. Saa kumi kasorobo walikuwa wamekaribia usawa wa mraba wetu. Mama akageuka kuangalia taulo lake, akaliona liko mbali, akajishika mdomo.

Siku ya sita

Sikulala vizuri. Kilichonihangaisha ni kina. Kitu kinachoanguka juu ya mchanga hushuka polepole. Kitu kinachoanguka ndani ya shimo, kisha shimo likabomoka juu yake, kiko chini kabisa tangu dakika ya kwanza. Shimo la mtoto na bibi yake wakisaidiana linaweza kufika kiwiko. Mashine yangu, kwenye mchanga wenye chumvi, inaisikia pete moja kwa uhakika hadi shubiri moja na kidogo. Hata kama tungeipitisha juu yake juzi, tungeondoka bila kuisikia.

Lakini ile tufani ya siku ya nne, niliyodhani imetunyang'anya siku, ilikuwa imeondoa shubiri moja ya mchanga wa juu.

Maji yalipwa hadi mwisho saa tano kasorobo. Kwa kuwa ufuo ulikuwa umekatwa, ukingo wa maji wa jana ungeweza kutofautiana hatua chache na ule wa siku pete ilipopotea, kwa hiyo tulifanya mraba mdogo wa hatua 12 kuzunguka kigingi. Tulikwenda polepole sana. Kishikio cha kopo. Karatasi ya alumini. Kibanio cha nywele.

Mstari wa tano, mpwa wangu alisimama. Hakusema kitu, alivua hedifoni akanivisha mimi.

Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu anayeita kutoka chumba cha tatu. Nilipoipitisha kwa haraka ilipotea. Nilipoipitisha polepole ilirudi, na nilipogeuka robo ikarudi tena mahali palepale. Namba kwenye kioo zilikuwa zinarukaruka, hazina maana kwa kina hicho. Nikaweka mashine chini, nikakwangua mchanga wa upana wa ungo, unene wa viganja viwili vilivyolala. Nikasikiliza tena. Sauti ilikuwa imenenepa. Nikakwangua tena. Ikawa safi, ya duara, isiyo na mikwaruzo pembeni.

Maji yalianza kuingia ndani ya shimo na kuta zikawa zinamomonyoka. Hapa watu wengi huharibu: wanachimba kwa pupa, pete inateleza pamoja na ukuta, inashuka zaidi. Nilimpa mpwa koili ashikilie mdomoni mwa shimo, mimi nikazamisha beleshi la matundu kwa mlalo, chini ya sauti, nikalinyanyua lote kwa pamoja. Sauti ikahama. Haikuwa shimoni tena.

Tulilitikisa kwenye maji, taratibu. Mchanga uliondoka kwa mawingu. Vipande vya makombe vikabaki, vyeupe, vikigongana. Katikati yao kulikuwa na ukingo wa njano. Haukuwa na gamba wala doa, ulikuwa wa njano kama siku ulipotoka kwa sonara, kwa sababu maji ya chumvi hayaishindi dhahabu. Punje za mchanga zilikuwa zimejaa ndani ya herufi zilizochongwa. Pembeni yake, alama ya 750, ndiyo karati 18.

Nilifumba kiganja kabla sijasoma zaidi.

Mama alikuwa amekaa chini ya nguzo. Aliponiona natembea kumwelekea nimefumba mkono, alisimama, na miguu ikawa mizito, akanisubiri. "Mama," nikamwambia, "sasa nitajie yaliyoandikwa."

Akataja herufi mbili, na tarehe. Nikafungua kiganja, nikapangusa mchanga kwa ncha ya kidole, tukasoma pamoja. Hakuivaa. Aliifumbata kwa mkono wa kulia, akaufunika kwa wa kushoto, na akakaa vile muda mrefu huku analia bila sauti. Mjukuu alikuwa ameshakimbilia shimoni, anachungulia ndani, anamweleza mpwa wangu kwamba lao lilikuwa kubwa kuliko hili.

Tulifukia mashimo yote, la pete, yale ya mistari, na lile la kusoma mchanga siku ya tatu ambalo mawimbi yalikuwa yamelifukia nusu. Tukang'oa vigingi. Maji yalikuwa yameanza kurudi.

Njiani kuelekea kwenye gari mpwa aliniuliza kuhusu pete yake ya fedha. Nikamwambia ipo kwa wasimamizi wa ufuo, imeandikishwa, na kabla ya kuondoka tutapita kuwaachia namba zetu za simu. Maneno yake matatu siyaandiki hapa. Mwenye nayo akija, atayataja mwenyewe.